Pima mwanga kwanza: kuotesha majani ya viungo katika jiko dogo

Mtu akiniuliza habari za vyungu vyangu vya dirishani, karibu kila mara anataka kujua apande nini. Mimi humrudishia swali: dirisha lako linapigwa na jua kwa muda gani? Ukishajua hilo, nusu ya mimea uliyokuwa ukiitamani inajiondoa yenyewe, na ni afadhali ijiondoe mapema. Kwenye jiko dogo kila chungu kinagombania nafasi na ubao wa kukatia, kwa hiyo mmea unaodhoofika hapo hauna kazi.

Kupima mwanga hakuhitaji kifaa. Laza karatasi nyeupe pale unapokusudia kuweka chungu, kisha saa 6 mchana, siku isiyo na mawingu, nyoosha mkono juu yake kwa kimo cha sentimita 30 hivi. Kivuli kikitokea kikali, vidole vinahesabika, hapo hata mrehani utastawi. Kingo zikiwa zimefifia lakini bado unatambua kuwa ni mkono, mnanaa na paseli vitavumilia. Ukiona giza jepesi lisilo na umbo, usipande kitu bila taa. Halafu sogeza karatasi hatua moja ndani ya chumba urudie. Wengi hushangaa hapa, maana macho yetu huzoea mwanga hafifu haraka, na jiko tunaloliona jeupe kabisa linaweza kuwa giza kwa mmea. Kwa viungo vinavyopenda jua, kama mrehani na rozmari, lenga angalau saa 6 za jua la moja kwa moja kwa siku, na chungu kikae palepale kwenye kioo.

Dirisha likikosekana, taa za kawaida za LED zenye mwanga mweupe zinatosha. Si lazima zile za rangi ya zambarau zinazofanya jiko lionekane kama ukumbi wa disko. Ifunge taa chini ya kabati la ukutani, sentimita 15 hadi 30 juu ya majani, iwake saa 12 hadi 14 kwa siku na usiku izimwe. Utajua mwanga haujatosha pale shina linapokimbia juu, jembamba, likiacha nafasi ndefu kati ya jani na jani. Hali hiyo haiponi kwa mbolea.

Kuna sehemu mbili ambazo huvutia macho na hazifai. Karibu na jiko la kupikia majani huungua kwa joto na kupakwa mafuta ya kukaangia, na juu ya friji mara nyingi hakuna mwanga wa maana.

Sasa maji. Mimea ya ndani hufa zaidi kwa kunyweshwa kupita kiasi kuliko kwa kiu, kwa sababu mizizi nayo inahitaji hewa, na udongo uliojaa maji hauna hewa. Chombo chochote kinafaa, hata kopo, mradi kina matundu chini. Wapo wanaoshauri kuweka kokoto chini ya chungu ili maji yatoke vizuri. Mimi sikubaliani nao. Maji hayaingii kirahisi kwenye kokoto mpaka udongo ulio juu yake uwe umelowa chepechepe, kwa hiyo unachofanya ni kulipandisha lile tope karibu zaidi na mizizi. Jaza chungu chote kwa mchanganyiko mwepesi: mboji, makumbi ya nazi yaliyosagwa na mchanga kidogo. Udongo wa bustanini peke yake hushikamana ndani ya chungu ukawa mgumu.

Usimwagilie kwa ratiba. Chomeka kidole mpaka kiungo cha kwanza. Kukiwa na unyevu, acha. Baada ya muda utaacha hata kidole, utakuwa unanyanyua chungu tu na uzito wake unakwambia. Ukimwagilia, mwagilia mpaka maji yatoke chini, subiri kama nusu saa, kisha mwaga yaliyobaki kwenye kisahani.

Katika mimea yote ya jikoni, mrehani ndio unaolipa upesi, lakini unataka kukatwa kwa akili. Tazama shina lake kwa karibu: kila baada ya nafasi fulani kuna majani mawili yanayotazamana, na kwenye kwapa la kila jani kuna kichipukizi kidogo kama kucha ya mtoto. Kata shina juu kidogo ya hapo. Vile vichipukizi viwili vitaamka, na shina moja litakuwa matawi mawili. Ukirudia kwenye matawi hayo unapata manne, na mmea unakuwa kichaka badala ya fimbo yenye majani juu. Anayechuma majani makubwa ya chini na kuacha ncha anafanya kinyume: anauondolea mmea majani yanayoulisha na kuuacha uendelee kurefuka. Ukiona ncha inaanza kufunga maua, ikate hapohapo, kwani mrehani ukishaingia kwenye maua majani mapya huwa madogo na nguvu zote huenda kwenye mbegu.

Kile kipande ulichokata usikimalize chote jikoni. Chagua chenye urefu wa sentimita 10 hivi, ondoa majani ya chini, kitie kwenye glasi ya maji penye mwanga lakini pasipo jua kali, na ubadilishe maji kila baada ya siku mbili. Ndani ya wiki moja au mbili utaona mizizi myeupe. Ikifika urefu wa sentimita chache, kihamishie kwenye udongo. Nauona mrehani kama mmea wa kurithishana: mmoja unazeeka, mwingine uko kwenye glasi. Mnanaa unakubali mtindo huohuo, tena kwa urahisi zaidi, ila uupe chungu chake peke yake. Mashina yake hutambaa chini ya udongo na kumnyang'anya jirani yeyote nafasi.

Giligilani, ambayo wengine wanaiita dania, ndiyo inayowakatisha watu tamaa, na nadhani ni kwa sababu wanaitarajia ikae. Haikai. Maisha yake ni mafupi, na joto la jikoni linaiharakisha kutoa maua. Basi ichukulie kama zao: panda kidogo, vuna, na kila baada ya wiki mbili au tatu panda tena kwenye kopo jingine. Ile punje ya mviringo tunayoiita mbegu ni tunda lenye mbegu mbili ndani. Zimwage kwenye ubao, zibane taratibu kwa kitako cha glasi mpaka zipasuke nusu kwa nusu, bila kuzisaga, kisha uzipande kwenye kina cha sentimita moja. Huota ndani ya wiki moja hadi tatu. Zipande moja kwa moja kwenye chombo zitakamokulia, chenye kina cha sentimita 20 hivi, maana zina mzizi mkuu unaoshuka chini na hazipendi kuhamishwa.

Paseli ni ndugu yake, ina mzizi wa namna hiyohiyo, lakini inadumu muda mrefu zaidi na inavumilia mwanga mdogo. Kuota kwake kunataka subira, huchukua hadi wiki 4. Loweka mbegu usiku kucha kabla ya kupanda. Vuna mashina ya nje ukiacha ya katikati.

Rozmari nisingemshauri anayeanza, pamoja na harufu yake nzuri. Inataka jua jingi, hewa inayopita na udongo unaokauka kati ya umwagiliaji mmoja na mwingine. Jiko la kawaida lina mvuke, na mwenye jiko huwa na mkono mwepesi wa kumwagilia. Ukiing'ang'ania, nunua mche badala ya mbegu, na uupande kwenye chungu cha udongo wa kuchoma, ambacho hukauka haraka kuliko cha plastiki. Kama nafasi ni ndogo kabisa, chukua vitunguu vya majani, vikate ukiacha sentimita chache zenye mizizi, visimamishe kwenye glasi yenye maji kidogo, na baada ya siku chache utakata majani mapya.

Kuhusu mbolea, weka kidogo: ile ya maji, nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kila baada ya wiki tatu au nne. Ukizidisha unapata majani makubwa laini yenye harufu hafifu. Na usivune zaidi ya theluthi moja ya mmea kwa mara moja.

Wadudu watakuja tu. Vile vinzi vidogo vyeusi vinavyoruka ukigusa chungu huzaliana kwenye udongo wa juu ulio na unyevu wakati wote, kwa hiyo acha sehemu hiyo ikauke kabla ya kumwagilia tena. Vidukari hujibana chini ya majani na kwenye ncha laini. Lete chungu kwenye sinki, funika udongo kwa mfuko, uinamishe mmea na uwapige kwa maji ya bomba, jani kwa jani upande wa chini, na urudie baada ya siku chache kwa sababu wapo watakaobaki. Tawi lililojaa wadudu kabisa likate ulitupe nje ya jiko. Dawa ya kupulizia mende usiisogeze hapo, hayo ni majani utakayoyala jioni.