Kabla ya Kuchagua Malighafi ya Kifungashio Kinachooza, Kijue Chakula Chenyewe

Wengi wanaoniomba ushauri kuhusu vifungashio vya chakula vinavyooza huanza kwa kunitajia malighafi waliyoipenda: wanga wa muhogo, mwani, magamba ya kamba, makapi ya miwa. Nami huwauliza kwanza ni chakula gani kitakachofungwa, kitakaa rafuni kwa muda gani, na kifungashio kitaishia wapi kikishatumika. Kwa miaka niliyofanya kazi hii maabara, sijaona mradi uliokwama kwa kukosa malighafi. Iliyokwama ilichagua malighafi kabla ya kumjua mteja wake, yaani chakula chenyewe.

Tenganisha pia mambo mawili ambayo matangazo ya biashara hupenda kuyachanganya. Kutokana na malighafi jadidifu ni jambo moja, kuoza ni jingine. Polithini inayotengenezwa kwa ethanoli ya miwa ni jadidifu, lakini haiozi kabisa, kwa kuwa kikemia haina tofauti na ile ya mafuta ya petroli. Kwa upande mwingine ipo PBAT, plastiki ambayo kwa kawaida hutokana na petroli na bado huozeshwa na vijidudu. Ukiwa na lengo la kupata sifa zote mbili, liandike hivyo tangu mwanzo, kwa maana litakufungia njia nyingi.

Adui mkubwa atakuwa maji. Wanga, selulosi na protini huvutia maji, na sifa hiyohiyo inayowawezesha vijidudu kuzishambulia ndiyo inayopitisha mvuke hadi kwenye chakula. Chukua utando wa wanga, ambao ni rahisi kuutengeneza: unakoroga wanga kwenye maji pamoja na gliserini, unapasha moto huku ukikoroga mpaka uji mweupe ugeuke mzito na wa kung'aa, kisha unaumimina kwenye sahani bapa na kuuacha ukauke. Ukiubandua unapata utando laini, mwangavu, unaokunjika vizuri, na hapo ndipo wengi hupiga picha na kutangaza ushindi. Uweke kwanza ndani ya chombo kilichofungwa chenye mmumunyo ulioshiba (usioweza kuyeyusha zaidi) wa chumvi ya kawaida, ambao hushikilia unyevu wa hewa karibu asilimia 75, na kipande kingine juu ya mmumunyo wa nitrati ya magnesi, ambao hushikilia kama asilimia 53. Cha kwanza hulegea na kunata vidoleni. Cha pili huonekana kizima, lakini kikikaa majuma kadhaa, molekuli za wanga hujipanga upya na utando ukaanza kupasuka unapoukunja. Kuongeza gliserini hupunguza ukakamavu huo, ila huzidisha kiu ya maji. Ukiwa mkavu, utando huo huzuia oksijeni vizuri sana. Ukishalowa, uwezo huo huporomoka. Kwa hiyo pima upitishaji wa mvuke katika unyevu wa mahali chakula kitakapouzwa, usitosheke na vipimo vya hewa kavu.

Tatizo hili si geni. Selofani, utando mwangavu wa selulosi uliobuniwa na Mswisi Jacques Brandenberger mwanzoni mwa karne ya 20, ilipitisha mvuke hadi ilipopakwa lakari, yaani vanishi ya kuzuia maji, mwaka 1927 katika kampuni ya DuPont. Nta hufanya kazi kama hiyo leo, mradi kifungashio hakikunjwi mara kwa mara, kwa sababu nta hupasuka kwenye mikunjo. Mimi hupendelea tabaka jembamba la polima (dutu ya molekuli ndefu kama za plastiki) inayooza na isiyopenda maji juu ya karatasi au wanga, ingawa gharama hupanda.

Asidi ya polilaktiki, yaani PLA, hutumika sana na ni rahisi kuchakatwa, lakini ya kawaida hulainika karibu na nyuzi 60 za Selsiasi, hivyo haifai kwa supu ya moto. Tena huoza vizuri kwenye viwanda vya mboji vyenye joto la takriban nyuzi 58. Baharini au kwenye rundo la mboji la nyumbani hukaa muda mrefu mno. PHA, kundi la polima ambalo mmoja wake ulielezwa na Maurice Lemoigne mwaka 1926 baada ya kuukuta ndani ya bakteria, huoza hata udongoni na baharini. Kasoro ya PHB, aina yake inayojulikana zaidi, ni kwamba huyeyuka karibu na nyuzi 175 na huanza kuharibika juu kidogo tu ya hapo, kwa hiyo fundi wa mashine hana nafasi ya kuzubaa.

Kiwango cha Ulaya cha EN 13432 hutaka asilimia 90 ya uozaji ndani ya miezi sita katika mazingira ya mboji ya kiwandani. Cheti cha kiwango hicho huhusu unene uliopimwa, hivyo ukiongeza unene umejitoa kwenye cheti hicho. Wino na gundi pia huhesabiwa.

Usalama usiachwe mwisho, kwani asili ya kimea si kinga. Sahani za nyuzi za mimea zilizuia mafuta kwa miaka mingi kwa msaada wa PFAS, kemikali zenye florini zisizovunjika kirahisi na zinazotiliwa shaka kiafya, na Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitangaza kwamba bidhaa hizo za kuzuia mafuta haziuzwi tena nchini humo kwa vifungashio vya chakula. Kwa plastiki, Ulaya huruhusu jumla isiyozidi miligramu 10 za viambato vya kifungashio kwa kila desimita mraba kuhamia kwenye chakula. Ukitumia kitosani, yaani dutu inayotokana na magamba ya kamba, au gluteni ya ngano, fikiria pia wenye mzio.

Mwisho, peleka roli ya utando wa majaribio kwenye mashine ya kufungashia mapema, hata kama fomula haijakamilika. Utando wa wanga mtupu hauzibiki vizuri kwa joto, na ni afadhali fundi akuambie hilo wakati bado unaweza kubadilisha tabaka la ndani.