Stendi imeandikwa kilo 8, mbona picha hazina makali?

SWALI: Kamera yangu ya filamu za inchi 4 kwa 5 ina kilo 3 pamoja na lenzi ya milimita 210. Stendi yangu ya miguu mitatu imeandikwa kuwa inabeba kilo 8, lakini picha za nusu sekunde hazina makali. Ninunue ya mbao, aluminiamu au kaboni?

JIBU: Acha kwanza habari ya mbao na kaboni. Hizo kilo 8 zinakuhakikishia kwamba stendi haitaanguka, si kwamba itatulia, na kila kiwanda hupima kwa namna yake. Kamera yako ina mvukuto (kile kikunjo kati ya lenzi na filamu), nao ukivutwa hushika upepo kama tanga.

Tafuta kosa lilipo. Funga kamera kwenye stendi, vuta mvukuto, weka lupe (kioo kidogo cha kukuzia) kwenye kioo cha kulengea kilicho nyuma ya kamera, kisha gonga mguu mmoja kwa kidole. Taswira (kichwa chini, miguu juu, kama kawaida yake) itacheza. Hesabu inachukua muda gani kutulia. Sasa shusha nguzo ya kati (ile ya kupandisha kamera) mpaka mwisho, ugonge tena. Ikitulia upesi zaidi, umempata mchawi: nguzo iliyopandishwa ni mguu mmoja uliosimamishwa juu ya mitatu. Kwa kamera hizi, stendi isiyo na nguzo ya kati ndiyo bora.

Bado inacheza? Shika kamera, uipinde kidogo kushoto na kulia. Mara nyingi kinachojisokota ni kibamba kidogo cha kufungia kamera au kichwa chenyewe, yaani sehemu ya juu ya stendi inayogeuza kamera. Kichwa cha gololi, kinachogeuka pande zote kwa pamoja, hakifai hapa: ukilegeza komeo, kilo 3 zote zinalala upande mmoja. Chukua cha njia tatu, kila upande na komeo lake, chenye bamba pana.

Ukifika kununua, angalia bomba la chini kabisa la mguu. Likiwa jembamba kama kidole, liache. Vipande vitatu vya mguu vinashinda vinne, maana kila kiungo ni mlegeo. Mbao humeza mtetemo vizuri ila ni nzito, kaboni ni nyepesi na ghali, aluminiamu ni rahisi lakini hutetemeka kwa muda mrefu zaidi.

Kazini, elekeza mguu mmoja mbele, chini ya lenzi. Begi la uzito unalotundika kwenye stendi liguse ardhi, lisining'inie likabembea. Ukishachomoa kifuniko cha filamu, subiri sekunde 10 ndipo ufyatue kwa kebo ya kufyatulia iliyolegea.