Bosi alikula ndengu akanawiri, Sukari akakataa katakata

Nyumbani kwetu Umoja kuna mbwa, Bosi, na paka, Sukari, na kwa karibu mwaka mzima chakula chao kilitugombanisha kuliko siasa. Mdogo wangu, aliyetazama video nyingi mno, alishikilia kwamba mbwa ni mnyama wa mwituni aliyezoea zulia tu, kwa hiyo apewe nyama mbichi na mifupa yake. Dada yangu mkubwa ni Msabato wa wale wasiogusa nyama kabisa, na kwake sufuria moja ya ndengu inatosha kila kiumbe chenye mdomo. Mlipaji ni mimi. Nikawaacha wote wawili wajaribu.

Alianza mdogo wangu. Kila Jumamosi alirudi na mfuko wa mapafu na bandama, bei nafuu, na Bosi alimsikia akiwa bado langoni. Manyoya yaling'aa na kinyesi kikapungua, hilo nakiri. Kisha nikampeleka kuchanjwa kichaa cha mbwa, na daktari wa mifugo akauliza anakula nini. Nilipomjibu aliweka sindano chini.

"Hayo mapafu yalipita kwa mkaguzi wa nyama?"

Sikuwa na jibu. Akanieleza jambo ambalo naona kila mwenye mbwa Nairobi angepaswa kuelezwa. Kuna tegu mdogo, hafiki sentimita moja, anayeishi kwenye utumbo wa mbwa. Mayai yake hutoka na kinyesi, mbuzi au ng'ombe huyala pamoja na majani, na ndani ya ini na mapafu ya mnyama huyo huota vifuko vya maji. Mbwa akila kiungo hicho kibichi, mambo yanaanza upya. Nasi tukimeza yale mayai, labda kwa mkono uliompapasa mbwa kisha ukashika chapati, vifuko huota ndani yetu, mara nyingi kwenye ini, na mtu anaweza kukaa navyo miaka bila kujua. Turkana imesumbuliwa na ugonjwa huu kwa miongo mingi, nami nilikuwa nikiuhesabu kuwa mambo ya huko. Lakini mbuzi wanaochinjwa Kiamaiko, hapa Nairobi, hawakuzaliwa Kiamaiko. Mkaguzi hukataa viungo vyenye vifuko. Ninachoogopa ni ule mfuko wa "vya mbwa" unaouzwa pembeni, ambao hakuna aliyeukagua.

Mdogo wangu akasema tutaugandisha kwenye friji. Haya, lakini salmonela, kijidudu cha kuharisha, haifi kwa baridi ya friji ya nyumbani, inasubiri tu. Na kwetu kuna mtoto wa miaka mitatu ambaye Bosi humlamba uso kabla hajaamka vizuri.

Jambo jingine, hasa kwa wenye mbwa wachanga: mnofu mtupu si mlo kamili, uwe mbichi au uwe umeiva. Una fosforasi nyingi na kalisi kidogo sana, kwa hiyo mwili wa mbwa mchanga huchota kalisi kwenye mifupa yake mwenyewe, na miguu huanza kupinda.

Ikaja zamu ya dada. Ndengu, wali, malenge, yai moja moja. Nilitarajia maasi, ila Bosi alilamba sahani hadi ikasogea kwenda kwa jirani. Kumbe kuna sababu: utafiti uliotolewa mwaka 2013 ulionyesha kwamba mbwa wana nakala nyingi zaidi za jeni ya kumeng'enya wanga kuliko mbwamwitu. Wamekula makombo yetu kwa maelfu ya miaka. Mbwa mzima anaweza kuishi bila nyama, ila mlo wenyewe upangwe na anayejua, maana vitamini B12 haimo kwenye ndengu. Miezi miwili ya Bosi si ushahidi wa chochote. Na maharagwe yasiungwe kwa kitunguu, kitunguu huharibu damu ya mbwa na ya paka.

Sukari alinusa ndengu, akafanya kama anafukia mavi, akaondoka. Siku ya tatu hakuwa amekula kitu isipokuwa omena aliyoiba kwa mama wa ghorofa ya pili, na hapo nikasimamisha jaribio. Paka anayekaa siku kadhaa bila kula, hasa aliye mnene, anaweza kujaa mafuta kwenye ini na kufa. Dada alidhani ni maringo. Si maringo hata kidogo. Mwili wa paka hauwezi kutengeneza kirutubisho kiitwacho taurini kwa kiasi cha kumtosha, na taurini imo kwenye nyama na samaki, si kwenye nafaka. Hauwezi pia kugeuza rangi ya karoti kuwa vitamini A kama wetu unavyofanya. Akikosa taurini kwa miezi, macho hupofuka na moyo hutanuka ukawa dhaifu. Mwaka 1987 watafiti wa California walionyesha kwamba hata vyakula vya kiwandani vya wakati ule vilikuwa na taurini pungufu na vilikuwa vikiua paka, ndipo viwanda vikaanza kuiongeza. Chakula cha paka kisicho na nyama hulazimika kutiwa taurini ya maabara. Sufuria ya jikoni kwako haina.

Siku hizi Bosi anakula matumbo au vichwa vya kuku vilivyochemshwa, nikitoa mifupa kwa sababu ikishaiva hupasuka kama vigae, pamoja na ugali na sukuma kidogo. Unga nanunua ule ule tunaokula sisi. Mahindi ya ukungu hayageuki salama kwa kuitwa ya mbwa: sumukuvu, sumu ya ukungu huo, iliua watu 125 kule Ukambani na jirani zake mwaka 2004, na mbwa nao huwaua. Sukari anapata omena na kuku, bila chumvi, ini kijiko kimoja kwa wiki, pamoja na chakula cha paka cha dukani. Maji ya kuchemshia simwagi, namrudishia sahanini, maana taurini huyeyukia humo.

Omena anaichemsha dada, mlango wa jikoni ukiwa umefungwa na leso imebana pua.