Kuuza boti kuukuu isiyowaka: chunguza, usitengeneze

Mwenye boti iliyokaa miaka bila kuguswa akitaka kuiuza, wazo la kwanza ni kuiwasha kwanza ili apate bei nzuri. Mara nyingi anaishia kupata hasara. Injini kuukuu ukiifungua leo kwa ajili ya kabureta, kesho utakuta pampu ya maji imekauka, keshokutwa nyaya zimeoza, na gharama hizo hakuna atakayekurudishia. Isitoshe, anayetafuta boti mbovu kwa kawaida ni fundi, au mtu apendaye kukarabati. Ana spana zake na hana haja ya kulipia kazi ya fundi asiyemjua.

Kinachoua bei ni ubovu usiojulikana. Ukisema "haiwaki, sijui ina nini", mnunuzi anachukulia kwamba injini imekufa kabisa na anakupa bei ya injini iliyokufa. Kwa hiyo weka nguvu kwenye uchunguzi. Mwingi wake unafanyika kwa nusu siku na vifaa vichache.

Anza na makaratasi, maana boti isiyo na hati inakimbiza wanunuzi waaminifu na kuwaita wale usiowataka. Tafuta namba ya bodi: boti nyingi za kiwandani zimeandikwa herufi na tarakimu 12 nyuma, upande wa kulia, karibu na ukingo wa juu. Kwa zile zilizotengenezwa tangu katikati ya miaka ya 1980, tarakimu 2 za mwisho kwa kawaida huonyesha mwaka wa modeli, kwa hiyo hata kama hujui umri wake, boti yenyewe inakuambia. Namba hiyo ilingane na ile iliyo kwenye hati. Injini ina namba yake, mara nyingi kwenye bamba lililo kwenye bano linaloishika kwenye boti. Trela nalo lina hati yake. Wengi hulisahau hadi mnunuzi anapouliza. Kama boti ilinunuliwa kwa mkopo au inadaiwa ada ya maegesho, malizana na wadai kwanza.

Sasa injini. Kabla ya kugusa swichi yoyote, fungua vifuniko vyote na uache hewa ipite. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutulia kwenye ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya boti, na cheche moja ya stata inatosha kulipua. Ukisikia harufu ya petroli, simama hapo mpaka ujue inatoka wapi.

Toa plagi zote, kisha zungusha flaiwili (gurudumu zito la injini) kwa mkono au kwa spana, kuelekea upande ambao injini huzungukia. Ikizunguka bila kukwama, tayari una habari njema ya kuuza. Ikigoma, usilazimishe kwa stata. Nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu kupitia matundu ya plagi, iache siku moja au mbili, ujaribu tena taratibu. Ikiendelea kugoma, andika wazi kwamba imekwama.

Iliyozunguka ipime kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Geji yake ni rahisi na mafundi wengi wanayo. Tumia betri iliyojaa (ya volti 12 iliyopumzika inasoma takriban 12.6), vua kamba ya usalama (ile inayozima injini ikichomoka) ili injini isitoe cheche, sukuma mkono wa mafuta, ule wa kuongeza mwendo, mpaka mwisho, kisha zungusha kwa stata hadi mshale uache kupanda. Fanya hivyo kwa kila silinda na uandike. Usitishwe sana na namba yenyewe, kwani kila modeli ina yake. Angalia tofauti: silinda zikipishana zaidi ya asilimia 10 hadi 15, pete za pistoni au gasketi zina shaka. Na usiizungushe kwa muda mrefu boti ikiwa nchi kavu. Pampu ya maji ina gurudumu la mpira linalopozwa na maji hayo hayo linayoyasukuma. Likikauka huungua haraka.

Kwa injini ya kupachika nyuma, legeza skrubu ya chini ya giaboksi huku umekinga chombo. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo kama yameingia, yatatangulia kutoka. Oili nyeupe kama maziwa ina maana sili zimechoka. Oili nyeusi lakini safi haina neno. Vipande vya chuma unavyoweza kuvishika kwa vidole, hivyo vina neno. Injini iliyofungwa ndani ya boti, vuta kijiti cha oili: weupe ule ule huko ni dalili ya maji ndani ya injini, na bei inashuka sana.

Bodi ya faiba huficha ubovu wake mbaya kwenye tezi, yaani ule ukuta wa nyuma unaobeba injini, kwa sababu ndani yake mara nyingi kuna mbao. Igonge kwa mpini wa bisibisi kuanzia juu hadi chini. Mahali pazima panalia kwa sauti kavu. Palipooza panatoa mlio mzito, uliokufa. Kisha shika sehemu ya chini ya injini uinyanyue na kuishusha huku mwenzako akitazama tezi: ikicheza au ufa ukifunguka, imeoza. Ukitaka uhakika zaidi, ng'oa skrubu moja iliyo chini kabisa. Ikitoka na unga mweusi wenye unyevu, umepata jibu. Sakafu nayo itembee yote kwa visigino. Inapobonyea pana kasoro.

Usafi ufanye, rangi usipake. Toa maji ya ngama, majani, vifaa visivyo vya boti, na petroli ya zamani yote, na usiimwage ardhini wala majini. Rangi mpya kwenye boti kuukuu humfanya mnunuzi ajiulize inafunika nini.

Kupanga bei, tafuta boti ya aina hiyo hiyo inayotembea inauzwa kiasi gani, toa gharama ya kuifufua yako, halafu toa tena kidogo kwa ajili ya hatari anayoibeba mnunuzi. Usishangae ukibaki na kidogo, au trela likawa na thamani kuliko boti yenyewe. Kuuza vipuri kimoja kimoja (giaboksi, propela, stata, pampu ya kunyanyulia injini, matangi) huleta zaidi, ila mwishoni unabaki na ganda la faiba ambalo hakuna anayelitaka na kulitupa kunagharimu. Jua litakwenda wapi kabla hujafungua boliti ya kwanza.

Tangazo liwe na ukweli wote uliouona: "Haijawashwa miaka 4. Inazunguka kwa mkono. Kompresheni 110 na 112. Oili ya gia ina maji kidogo. Sakafu imebonyea karibu na kiti cha dereva." Piga picha geji ikisoma, na piga picha kasoro zenyewe. Usiandike kamwe "inahitaji kabureta tu". Kama ni kabureta tu, mnunuzi atauliza kwa nini hukuisafisha.

Atakayetaka kukulipa zaidi ya bei bila kuiona boti, kisha umtumie msafirishaji wake chenji, ni tapeli. Achana naye. Mnunuzi wa kweli anakuja na tochi.

Siku ya makabidhiano, andikeni hati ya mauzo yenye namba ya bodi, ya injini na ya trela, tarehe, bei, sahihi zenu, na maneno kwamba inauzwa kama ilivyo bila dhamana. Fanya hivyo hata ukiitoa bure: wapo wanaochukua trela na kulitelekeza ganda, na namba ya bodi itawaongoza wahusika hadi kwako. Peleka taarifa ya kubadili umiliki mwenyewe, usimwachie mnunuzi. Bima ifute baada ya hapo.