Mkuu usikamue hiyo sponji! Usafi wa Jumapili ulinimalizia samaki 12

Weka hiyo ndoo chini kwanza. Sijasalimia, nitasalimia mwisho nikikumbuka.

Umeandika una tanki la samaki wa urembo la lita 60, wiki ya tatu sasa, goldifishi 4 na gapi 6, na muuzaji kakuelekeza kila Jumapili uwahamishie kwenye beseni, umwage maji yote, uoshe kokoto, vioo na filta (kile kichujio cha maji chenye sponji ndani) mpaka ving'ae. Afu ukauliza chakula, taa iwake masaa mangapi, na ufanyeje mama mkwe asiwape ugali. Mi nimeishia pale kwenye "mpaka ving'ae", moyo ukanipiga paa, maana hayo maneno nayajua neno kwa neno, niliambiwa na mimi nikiwa nimesimama Kariakoo na jasho linanitoka na risiti mkononi. Nahisi hawa watu wana kitabu kimoja wanachosomea.

Ya kwangu ilikua hivi. Tanki la lita 80 na filta yake vilinitoka 260,000, waifu hakuambiwa bei halisi na nawaomba wanaomjua wanyamaze. Nyumbani Tabata hakuna aliyewahi kufuga samaki, bimkubwa alipokuja kutoka Singida swali lake la kwanza lilikua hawa wanafika kilo lini. Wiki ya tano kila kitu kinakwenda vizuri, samaki 14, maji yameanza kupata rangi kidogo na vioo vimeshika utandu wa kahawia. Sasa Jumapili ile tulikua na wageni, watu wa upande wa mchumba wa mdogo wangu, unajua zile siku nyumba nzima inapigwa deki mpaka mapazia yanafuliwa. Nikasema na tanki nalo lisituaibishe.

Bwana weee. Tuliliosha kama sufuria ya pilau. Dada akachukua kokoto akazisugua na sabuni ya unga, akazisuuza, akazianika kwenye mkeka juani, we ungepita ungedhani tunaanika mchele. Vioo steelwire. Bimkubwa amekaa kwenye kigoda anasimamia, "hapo bado, hapo bado". Sponji ya filta nikaichukua mwenyewe kwa mikono yangu hii, nikaikamua chini ya bomba, ikatoa uchafu mweusi kama chai ya rangi, nikaendelea kukamua mpaka ikatoka nyeupe pee kama mpya, nikajisifu. Nikajaza maji moja kwa moja kwa mpira kutoka bombani, samaki tukawarudisha. Wageni wakaja wakasifia, mtoto wao kapiga na picha. Hiyo picha ninayo mpaka leo, ndo ya mwisho ya wale marehemu.

Saa nne usiku samaki wote wako juu ya maji, midomo nje, wanatweta. Bimkubwa akasema wanaomba dua. Mimi mtu mzima na diploma yangu ya uhasibu nikaona wana njaa, nikawamwagia chakula kingine!! Jumatatu alfajiri 7 wanaelea. Mpaka Alhamisi wamefika 12. Watoto wamezika chini ya mwarobaini nyuma ya nyumba, siku ya tatu hata kilio hawalii tena, wameshazoea msiba.

Nikarudi kwa yule muuzaji. Hapa ndo hasira zangu zilipo mpaka kesho. Hakuniuliza hata swali moja, hakuuliza uliosha na nini, hakuuliza maji ya wapi, kanitolea kichupa cha dawa ya "ugonjwa wa maji" 25,000 na kanichagulia samaki wengine 8, kasisitiza safari hii nioshe VIZURI ZAIDI. Nikaosha vizuri zaidi. Wakaondoka 9, maana kati ya wale wawili waliobaki mmoja naye aliamua kufuata wenzie. Akabaki moli mmoja mweusi, bimkubwa anamwita Mjumbe kwa sababu nyumba zote kumi zimehama yeye yupo. Biashara yake ni nzuri sana yule jamaa, anauza samaki, anakufundisha kuwaua, anauza dawa, anauza wengine. Simtaji lakini kama kiatu kinambana avae hivohivo.

Aliyenifumbua macho nilimpata Kigoma nikiwa kikazi, jamaa wa kazi za kufungasha wale samaki wa rangi wa Ziwa Tanganyika wanaosafirishwa nje kwa wafugaji. Nikamsimulia msiba wangu nikitegemea pole. Kaniuliza kitu kimoja tu, "sponji uliikamulia wapi?" Nikasema bombani. Akacheka mpaka akakaa.

Iko hivi. Samaki anaishi ndani ya choo chake mwenyewe. Anatoa amonia, nyingi inapitia kwenye matamvua yake (yale mashavu anayopumulia), chakula kilichobaki kikioza nacho kinaongeza. Amonia ni sumu inamuunguza matamvua ndo maana anapanda juu kutweta. Kinachomuokoa ni bakteria wanaoota wenyewe kwenye sponji, kwenye kokoto, kwenye vioo. Kundi la kwanza linageuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo bado ni sumu, kundi la pili linageuza nitriti kuwa nitreti ambayo samaki anaivumilia isipozidi. Hao bakteria wanachukua kama wiki 4 mpaka 6 kujaa vya kutosha. Yani ni kama wale vijana wa taka wa mtaani, huwaoni wakifanya kazi, unaona tu mtaa msafi. Sisi Jumapili moja tumewafukuza wote kwa sabuni afu tukaacha watu 14 waendelee kujisaidia humohumo. Ule uchafu mweusi niliojisifu kuukamua ndo walikua wamo humo wao wenyewe.

Na maji ya bomba yana klorini, imewekwa makusudi ili sisi tusiugue, ila klorini haichagui, inaua na hao bakteria na inachoma matamvua ya samaki vilevile. Kwa hiyo mimi nilipiga pande mbili. Na kuna wale ambao maji yakikatika wananunua ya kisima, leo bomba kesho kisima cha chumvi, ukimwaga yote samaki anajikuta kahamishwa mkoa bila barua. Afu joto letu la Dar, na maji yakiwa na alkali nyingi, vinafanya amonia iwe kali zaidi, kiasi ambacho kwenye maji ya baridi asingekisikia hapa kinamlaza.

Sasa sheria ni moja, andika ukutani: TANKI HALIOSHWI, LINAPUNGUZWA MAJI. Robo tu kwa wiki. Kwako lita 60 ni lita 15, yani ndoo ndogo ya lita 10 na nusu yake, hao goldifishi wanachafua sana labda ufike theluthi. Maji ya kurudishia yalale kwenye ndoo wazi kuanzia jana yake, masaa 24, hiyo klorini ya kawaida inaondoka yenyewe, na sisi na mgao wa maji ndoo zilizojaa tunazo tayari kila kona. Sponji ikiziba, ikamue taratibu kwenye yale maji machafu uliyotoa kwenye tanki, ibaki na weusi wake, usiitafutie weupe. Kokoto usizitoe. Sabuni isisogelee hata kidogo. Utandu kwenye kioo futa kioo cha mbele cha kutazamia, kwingine achana nao. Mimi nimemaliza mwaka na miezi sasa hivo, nina gapi mpaka nagawa majirani.

Dada nilimwambia hii sio sufuria, hakuelewa, nikaficha steelwire, akaelewa. Bimkubwa nikampa cheo, yeye ndo mlishaji rasmi, chakula cha siku nakipima kwenye kizibo cha soda, kikiisha kimeisha, na mtu mwenye cheo hapiti na ugali tena. Jaribu na mama mkwe ila kwa adabu, mi huyo ni mama yangu wa kunizaa nina nafasi ya kubishana.

Goldifishi 4 kwenye lita 60 ni wengi wakikua, hiyo tutagombana siku nyingine. Taa uliuliza nini vile? Mi naiwasha nikiwa sebuleni, nikienda kulala nazima.

Haya, umeandika saa tano asubuhi kwamba samaki wako tayari kwenye beseni. Kama sponji hujaigusa, rudisha kila kitu kilivyokua, maji ya zamani mengi kadri yaliyobaki, washa filta, ondoka hapo. Kama umeshaikamua bombani, basi usiwape chakula siku mbili, washa pampu ya hewa usiku kucha, na kila siku toa robo uweke maji yaliyolala, wiki tatu au nne, ukiwaona wanatweta toa hata nusu siku hiyohiyo, asubuhi na jioni. Jibu basi, sponji iko wapi saizi?