Jibu: Jaribio linasema nawapendelea vijana, ilhali wazee nawapenda

Habari ndugu. Umesema ulifanya lile jaribio la upendeleo uliofichika (Implicit Association Test), la kubonyeza vitufe haraka haraka ili kupanga sura za vijana na wazee pamoja na maneno mazuri na mabaya, ukaambiwa unaegemea vijana kuliko wazee, na sasa hujui kama jaribio linakusingizia au wewe ndiye hujijui.

Kwanza, umelifanya mara ngapi? Jaribio hilo, lililotangazwa na mwanasaikolojia Anthony Greenwald na wenzake mwaka 1998, hupima tofauti ndogo mno za muda unaotumia kubonyeza, na mtu yuleyule akirudia anaweza kupata jibu jingine. Usijihukumu kwa mara moja.

Lakini usilitupe pia. Mwaka 2014 mwanasaikolojia Adam Hahn na wenzake waliwaomba watu wabashiri matokeo yao kabla ya kuanza, na ubashiri wao ulikaribia matokeo kwa kiasi kikubwa. Kumbe ule mguso wa kwanza tunausikia, ila tunaufukuza upesi. Mimi nilipokuwa nachambua barua za waombaji kazi, nikiona mwaka wa kuzaliwa wa zamani, kidole kilishafunua karatasi inayofuata kabla sijasoma uzoefu wa mtu. Ungeniuliza, ningeapa sina ubaguzi, na nisingekuwa nadanganya.

Kwa hiyo ukikutana na mzee, isikilize sekunde ile ya kwanza kabla hujaanza kujitetea, kisha iandike kama ilivyo. Fanya hivyo wiki nzima. Mimi niliishia kumwomba mwenzangu afunike tarehe za kuzaliwa hadi nimalize kusoma, na hilo lilinisaidia kuliko kujikemea.