Rangi tano, lifti moja: kwa dada anayepanga harusi yake mjini

Wiki iliyopita msomaji mmoja ameniandikia. Anaolewa miezi mitano ijayo, mjini, na hataki harusi inayofanana na ya kila mtu. "Nataka rangi, dada. Nina rafiki mchoraji, mwingine anashona, mwingine ana bendi. Wote wamesema watanisaidia. Nianzie wapi?"

Nilicheka peke yangu, maana nilikuwa nimejisoma mwenyewe. Hata mpangilio wa marafiki ni uleule. Halafu nikakumbuka turubai lililosimama nyuma ya mlango wa chumba changu, kicheko kikaisha. Nimeolewa miezi tisa iliyopita, na kusema kweli hii makala nimeianza mara tatu nikaifuta.

Tuanze na rangi, kwa sababu najua ndizo zinazokuumiza kichwa. Mimi nilichagua tano: njano, zambarau, kijani cha kasuku, chungwa, na damu ya mzee. Wazee wakashika vichwa. Shangazi yangu aliuliza kama ni harusi au ni gulio. Nikamweleza, kwa ile sauti ya mtu aliyesoma jana usiku, kwamba gauni jeupe limeshika kasi baada ya Malkia Victoria wa Uingereza kulivaa mwaka 1840 alipoolewa na Prince Albert, na kabla ya hapo maharusi wengi huko kwao walivaa tu gauni lao zuri kuliko yote, liwe jekundu, liwe la bluu. Shangazi akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Sasa huyo Victoria ndiye atakayekaa meza ya mbele, au ni mimi?"

Nilishinda, lakini kwa jasho. Nawe utashinda. Usibishane sana, onyesha kitambaa. Shangazi huyohuyo alipokishika kile cha zambarau kwa mkono wake alinyamaza, na siku ya siku ndiye aliyevaa damu ya mzee toka kilembani mpaka viatuni.

Ila rangi zina hila, na hapa nisikilize. Rafiki yangu mbunifu alinitengenezea kadi za mwaliko. Kwenye simu chungwa lilikuwa linawaka kama makaa. Zilipotoka kwa mpiga chapa, chungwa limekuwa tofali. Nikamlaumu mpiga chapa, nikamlaumu rafiki yangu, karibu nimlaumu na mchumba. Kumbe skrini inatengeneza rangi kwa mwanga, mwekundu, kijani na bluu, na mashine inatengeneza kwa wino wa aina nne. Kuna rangi kali ambazo mwanga unaziweza na wino hauziwezi kabisa. Kwa hiyo chapa kadi moja kwanza. Moja tu. Iweke mezani uiangalie mchana na usiku, ndipo uagize zilizobaki. Sisi tulichapa zote mara mbili, na hiyo ya pili ndiyo iliyokula fungu la bendi.

Kitambaa nacho: nunua chote siku moja, na uulize kama kinatoka kwenye jora moja. Njano ya jora hili si lazima iwe njano ya jora la pili hata kama jina ni lile, kwa sababu kila mkupuo wa kutia rangi kiwandani una vijitofauti vyake. Dukani huoni. Utaona siku meza mbili zimekaa jirani, moja inang'aa na nyingine kama imefuliwa mara arobaini.

Na kwa kuwa tuko mezani, hesabu hii iandike kwenye kiganja. Meza ya duara yenye kipenyo cha sentimita 180 na kimo cha sentimita 75 haitaki kitambaa cha 180. Inataka 180, ongeza 75 ya upande huu na 75 ya upande ule, jumla 330, kama unataka kifike chini. Na kitambaa chenye upana wa sentimita 150 itabidi kiungwe vipande vitatu. Rafiki yangu fundi alinieleza haya mwezi mzima kabla. Mimi nikasikia "kitambaa kingi", nikanunua ninachokijua mimi. Usiku wa kuamkia harusi tulikuwa watu sita sakafuni na pini midomoni, tunaongeza mapindo ya kijani kwenye vitambaa vya njano. Watu walisifu sana ule ubunifu. Nilipokea sifa bila kusema neno.

Miezi ya katikati nairuka, ilikuwa simu na madeni.

Mjini sasa. Ukumbi wetu ulikuwa ghorofa ya saba, madirisha pande tatu, jiji lote liko chini yako. Tulikwenda kuuona saa nne asubuhi tukaupenda palepale. Kosa la kwanza hilo. Nenda saa ileile utakayofanyia sherehe. Asubuhi zambarau yangu ilikuwa zambarau. Jioni, chini ya taa zao za njano, ikageuka kama kahawia ya kuta za zamani. Mpambaji mmoja, si rafiki, mtu wa kazi, ndiye aliyenishauri tulete taa zetu nyeupe za kuelekeza pale mbele. Uliza pia ukumbi utafunguliwa saa ngapi kwa ajili yako. Sisi tulidhani tuna siku nzima. Kulikuwa na mkutano wa watu wengine mpaka saa saba mchana, sherehe ilikuwa saa kumi na moja jioni. Uliza muziki unazimwa saa ngapi. Uliza gari la mizigo linasimama wapi. Na lifti, dada yangu. Pima lifti.

Rafiki yangu mchoraji alinichorea turubai la kuweka nyuma ya kiti chetu, mita tatu kwa mbili na nusu. Siwezi kukueleza lilivyokuwa. Lilikuwa jiji letu usiku, madirisha madogo madogo mamia, na ndani ya kila dirisha rangi moja kati ya zile tano. Ukisogea karibu unaona kwenye madirisha mengine kuna watu: mwanamke anaanika nguo, mtoto kaweka kidevu dirishani, wawili wanacheza muziki. Wale wawili ni sisi. Alichora wiki saba, usiku, akitoka kazini kwake. Sikumlipa, aliniambia ni zawadi. Nilimnunulia rangi, basi, na hata hizo zilipokwisha aliongeza za kwake.

Siku ya harusi saa nane mchana akanipigia. Turubai liko kwenye fremu ya mbao, mita tatu, haliingii kwenye lifti. Ngazi zina kona kali, fremu haikati. Mimi niko kwenye kiti napakwa poda. Nikamwambia, na hili neno nalikumbuka vizuri kuliko kiapo changu, "Wewe si fundi bwana, utaona la kufanya."

Akaona. Aling'oa pini zote moja moja, akalivingirisha turubai upande wa rangi ukiwa nje, kwa sababu ukiuvingirisha kwa ndani rangi hubanwa na inaweza kupasuka. Fremu ikakatwa katikati. Vikapandishwa ghorofa saba kwa miguu, yeye na mdogo wake. Juu wakaiunga fremu kwa vibao, wakaanza kupigilia upya. Nilipoingia ukumbini saa kumi na moja na robo, watu wamesimama, bendi inapiga, turubai limetanda kule mbele kama dirisha la dunia nyingine. Sikumwona mtu wa ngazi. Kumbe alikuwa amejibanza nyuma ya fremu na nyundo, kwenye suruali ya kazi, ameshindwa kutoka kwa sababu njia ya kutokea ilikuwa ni kupita mbele yetu.

Gauni lake alikuwa nalo kwenye mfuko. La chungwa. Alishonewa na rafiki yetu yuleyule fundi. Hakulivaa. Alipotoka huko nyuma alienda kukaa, na kwenye mpango wa meza nilioupanga mwenyewe kwa mkono wangu nilikuwa nimewaandika "mafundi" wote meza ya pembeni, karibu na mlango, ili iwe rahisi wakiitwa. Wakati huo niliona nimepanga kwa akili sana. Picha ziko mia sita na kitu. Nimezipitia zote, zaidi ya mara moja. Hayumo.

Siku mbili baadaye aliniandikia: "Hongera. Lilipendeza. Mkilivingirisha, rangi iwe nje." Nikajibu kwa mioyo mitatu. Mioyo mitatu! Tangu hapo nikimsalimu ananijibu, sawa, lakini ni salamu za watu wa ofisi moja.

Kwa muda mrefu niliulaumu ukumbi. Wangeniambia kuhusu lifti. Bado nadhani wangeniambia, sijawasamehe kabisa. Lakini kipimo cha lifti kilikuwa kazi ya kuulizwa na mimi, na meza ya mafundi hawakuipanga wao.

Kuna mwingine pia, huyu ni upande wa pili wa shilingi. Rafiki aliyekuwa atupige picha alijitoa wiki mbili kabla, kapata kazi ya kulipwa tarehe ileile. Nilimtukana kwenye simu. Baadaye nikajiuliza nilimwomba lini. Nilimwomba usiku mmoja tunacheka, "si utanipiga picha wewe?", naye akasema "kwani nani mwingine?" Basi. Hakuna tarehe, hakuna saa, hakuna hata ujumbe. Ahadi ni deni, sawa, lakini hata deni huwa lina siku ya kulipwa. Hata hivyo angeweza kunitafutia mtu wa kushika nafasi yake. Hilo halijanitoka moyoni na sitajifanya limenitoka.

Kwa hiyo ukiniuliza uanzie wapi, mimi nakwambia usianze na rangi. Chukua karatasi, andika majina ya hao marafiki, na mbele ya kila jina andika kitu kimoja. Kimoja! Si "atasaidia mapambo". Andika: turubai, vipimo hivi, limalizike tarehe hii, nani atalibeba, nani atalitundika, na anayelitundika asiwe aliyelichora. Kisha mpelekee kila mtu kipande chake kwa maandishi, na umwachie nafasi ya kusema hapana. Anayesema hapana miezi mitano kabla amekusaidia kuliko anayesema ndiyo akacheka. Na mlipe. Kama amekataa hela, lipia vifaa vyote, lipia usafiri, lipia vijana wawili wa kubeba siku ile. Msanii anayekufanyia bure ametoa usiku wake, na ule usiku haurudi. Sisi watu wa siku hizi tunapenda kusema "marafiki zangu ndio wamenipambia", tunalisema kwa majivuno, na hatuwaulizi walikula saa ngapi. Andika, dada. Nakwambia tena: andika.

Na saa moja kabla ya sherehe kazi zote za marafiki ziwe zimekwisha. Kilichobaki kibaki. Kama utepe umepinda, upinde. Wavae, wakae, wapigwe picha, na uwaweke meza ya mbele na shangazi.

Maua sina mengi: yakate mashina kwa mshazari, ondoa majani yote yatakayozama kwenye maji la sivyo yanaoza na maji yananuka, yaache yanywe usiku mzima sehemu yenye ubaridi. Na juu ghorofani usitegemee mishumaa kama madirisha yatafunguliwa. Upepo wa huko si wa chini.

Uliniuliza pia kama umchagulie bwana harusi rangi au umwachie. Mwachie. Wangu nilimpangia kila kitu nikasahau soksi tu, akajinunulia za kijani cha kasuku zenye nukta nyeupe. Nimezihesabu picha: soksi zimepigwa mara kumi na nne za karibu. Gauni langu, lenye rangi tano na wiki sita za cherehani, mara tisa.